Mkojo wangu ulikataliwa mara mbili

Binamu yangu amepata skolashipu. Wiki iliyopita alinitumia voisi ya WhatsApp ya karibu dakika tano, jogoo anawika nyuma yake, mtu anapasua kuni, na yeye mwenyewe anahema kama ndio anamaliza mlima, ananiambia visa imetoka, tiketi ni ya Agosti, kochi wa huko ameshamtumia ratiba ya mazoezi, na sasa dada, kando na sweta, nibebe nini. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, niko kwenye basi nasikiliza huku natabasamu peke yangu, mpaka akafika pale anaposema kogo, yaani nyanya yetu, amemtengenezea ile dawa ya kifua, ameisaga vizuri akaiweka kwenye mkebe wa Blue Band, na pia kuna unga fulani wa nguvu jamaa wa jimu pale Eldoret amemuuzia kwa bei ya rafiki.

Hapo ndio tabasamu likaisha.

Nilitaka kumjibu kwa voisi ya dakika moja. Nikaanza, nikafuta, nikaanza tena, nikaona haitoshi kwa sababu hii stori yangu mimi sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani yote, hata mama, na sehemu zingine ni za aibu kidogo. Basi nimeiandika hapa, yeye atasoma, na kama wewe pia una mtoto ama ndugu anayeenda kukimbia kwenye vyuo vya Marekani, msomee hata kama hataki.

Nilifika huko 2012. Chuo sitakitaja, kiko Kusini, joto la kufa mtu, nyasi kila mahali na hakuna mlima hata mmoja. Kilikuwa divisheni ya kwanza ya NCAA, hiyo nasema kwa sababu inahusika, NCAA ndio chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani na wana kitabu chao cha sheria kinene kama Biblia ya kanisani. Siku ya tatu hivi tukaingizwa kwenye ukumbi, tukapewa rundo la fomu, na mimi nikasaini zote vile mtu anavyosaini kitabu cha wageni kwenye harusi. Moja ilikuwa ya kukubali kupimwa madawa. Kila mwaka unasaini, na usiposaini hukimbii. Sikuisoma. Nani asome, nilikuwa na usingizi wa siku mbili na nilikuwa nawaza ugali.

Mwaka wangu wa pili, Jumanne moja usiku kama saa mbili, simu ikalia, ujumbe kutoka ofisi ya michezo. Umechaguliwa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, jengo fulani, chumba fulani, beba kitambulisho. Nikamwonyesha mwenzangu wa chumbani, msichana wa kuruka viunzi, mwenyeji, akaniambia ah hiyo ni kawaida, wanachagua majina na kompyuta, kunywa tu maji ya kutosha usije ukakwama pale.

Nami nikatii. Kwetu ukiambiwa kunywa maji unakunywa maji. Nikamaliza chupa mbili kubwa kabla ya kulala, nikaamka saa kumi nikaongeza nyingine, nikaenda kule natembea kama bata.

Chumba kilikuwa chini kabisa ya jengo, karibu na mashine za kufulia jezi, kuna harufu ya sabuni na viatu. Wale majitu wa futiboli yao ya Kimarekani walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki kimya kabisa kama watoto wanaongoja sindano. Mezani kuna vikombe vimefungwa kwenye plastiki, unaambiwa chagua mwenyewe chochote, hakikisha hakijafunguliwa. Kuna stika za namba, unachagua pia. Unanawa mikono kwa maji tu bila sabuni. Halafu mama mmoja wa makamo, nywele nyeupe, miwani ya kamba shingoni, ukimwangalia ni kama mwalimu wa Sande skuli, akaniambia kwa upole twende.

Sasa mimi nilidhani atasimama nje ya mlango. Hasimami nje ya mlango. Anaingia na wewe, na anatazama, yaani anatazama mkojo ukitoka mwilini uingie kwenye kikombe, hiyo ndio kazi yake, kwa sababu watu wameshawahi kuja na mkojo wa mtu mwingine wameuficha kwenye nguo. Wueh. Mamangu mzazi hajaniona uchi tangu darasa la nne. Nilikaa pale nimebana, maji yote ya usiku yamejaa, na hakuna kitu kinatoka. Yule mama akawa anaangalia na anaongea mambo ya hali ya hewa. Nafikiri alikuwa ananionea huruma, na hiyo huruma ilikuwa mbaya kuliko kama angekuwa mkali.

Mwishowe ikatoka, ikatoka nyingi, kikombe karibu kifurike. Unatakiwa ufikishe kama mililita 90. Nikatoka nimejishikia kikombe changu mkononi, kwa sababu wewe ndiye unayekibeba mpaka mwisho, mtu mwingine hagusi. Wakachukua tone, wakaweka kwenye kile kidude cha kupima ukolezi, jamaa akaangalia, akatingisha kichwa. 1.002. Mkojo mwepesi. Chini ya 1.005 hawachukui, kwa sababu mkojo uliojaa maji unaweza kuficha kitu, na wao hawajui kama umekunywa maji kwa ujinga ama kwa ujanja. Nikaambiwa nimwage mwenyewe, yule mama akishuhudia, kisha nikae chini ningoje. Na usinywe kitu tena. Na huruhusiwi kuondoka mpaka utoe wa kufaa, ukiondoka ni kama umekataa kupimwa, na kukataa ni sawa na kupatikana na hatia.

Basi nikakaa. Majitu wakaja wakaenda. Saa moja, saa mbili, darasa langu la kemia likaanza na kuisha. Jaribio la pili, 1.004. Nilitaka kulia, nilimwambia yule jamaa kwa Kiingereza changu cha wakati huo kwamba hiyo ni karibu, akaniambia karibu sio kufika. Karibu saa tano ndio nikatoa mkojo wa rangi ya chai ya strungi, 1.012, na wallahi nilijisikia kama nimeshinda mbio. Ukamiminwa kwenye chupa mbili, A na B, zikafungwa mbele yangu, nikasaini kila mahali. Safari hii nilisoma.

Lakini kitu ninachotaka huyu binamu yangu akisikie kilitokea kati ya jaribio la pili na la tatu. Nimekaa kwenye kile kiti, sina simu, sina kitabu, na ukutani kuna bango la majina ya makundi ya dawa zilizokatazwa. Visisimuzi. Vya kujenga misuli. Vya kuongeza mkojo. Homoni sijui za nini. Chini yake maandishi madogo yanasema orodha hii haijakamilika, na kitu chochote kinachofanana kikemikali na hivi pia kimekatazwa. Nikasoma mara kumi. Na nikakumbuka ile dawa ya kogo.

Kwa sababu na mimi nilikuwa na mkebe wangu. Kila mtu wa kwetu anao. Ilikuwa ni unga wa magome, najua kuna tebeswet ndani na kuna vingine viwili ambavyo kogo hasemi hata ukimbembeleza, na kwa wiki mbili nilikuwa natia kijiko kwenye chai kwa sababu kikohozi cha huko kilikuwa kimenikamata. Mimi sikuwa nimekunywa kitu kibaya, roho yangu ilikuwa safi kabisa. Ila sikujua nimekunywa nini. Nikaona pale kwenye kile kiti kwamba nikiulizwa siwezi kujibu, na yule jamaa wa kidude hatapima roho.

Majibu? Hakuna aliyeniletea majibu. Wiki zikapita, hakuna barua, na mwishowe nikaelewa kwamba kukosa barua ndio jibu lenyewe. Nilikuwa safi. Baadaye nilimpelekea daktari wa timu ule mkebe, nikamwambia niandikie barua ya kuniruhusu. Akaniuliza unaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja, t, e, b, e. Akauliza kwenye ile huduma ambayo chuo kinatumia kuulizia dawa na virutubisho, jibu likaja kesho yake kwamba hawana taarifa, ukitumia ni kwa hatari yako mwenyewe. Alicheka, mimi sikucheka. Mkebe sikuutupa, kutupa dawa ya kogo ni kama kumtupa kogo mwenyewe, niliuweka chini kabisa ya sanduku na ukakaa huko mpaka nikamaliza chuo.

Na hii aibu ya kutazamwa, baadaye nikaja kugundua si mimi wa kwanza. NCAA walianza kupima 1986, na mwaka uliofuata msichana mmoja wa Stanford, Simone LeVant, alikuwa mpiga mbizi, akakataa kusaini ile fomu akaenda kortini, akisema haiwezekani mtu amtazame akikojoa ndio aruhusiwe kuruka kwenye maji. Yeye alimaliza chuo kesi bado inaendelea, wenzake wawili wakaichukua, Jennifer Hill wa soka na Barry McKeever wa futiboli, wakashinda kwenye mahakama za chini, halafu 1994 mahakama ya juu kabisa ya California ikawapa NCAA ushindi. Majaji walikubali kwamba ni kuingilia faragha, ila wakasema mwanamichezo huwa anategemea faragha kidogo kuliko mtu wa kawaida na mashindano yanahitaji kulindwa. Mimi nimeisoma hiyo hukumu kama mtu aliyekaa kwenye kile chumba na bado sijui niko upande gani. Siku zingine niko na Simone. Siku zingine nakumbuka kuna wasichana nilikimbia nao ambao sikuwaelewa kabisa walipata wapi zile mita mia nne za mwisho.

Kuna pia stori ya mtu wa kisahani.

Kwenye timu yetu kulikuwa na jamaa wa kurusha kisahani, mzungu, mtoto wa shamba, mpole kiasi kwamba akikukanyaga anaomba msamaha mara tatu. Alikuwa anakunywa unga fulani kabla ya kwenda kunyanyua vyuma, unga wa rangi ya bluu, unachanganya na maji. Aliununua dukani mchana kweupe, duka kubwa, kwenye jengo la maduka, akapewa na risiti. Kwenye kopo kuna orodha ya vitu vilivyomo, na mojawapo imeandikwa dondoo la geranium. Geranium ni maua. Mamake alikuwa nayo kwenye varanda. Sasa wewe mtu wa kawaida ukisoma maua unaogopa nini?

Kumbe hapo kwenye maua ndio ilikuwa imejificha DMAA, kisisimuzi, jina refu lina tarakimu mbele, kimekatazwa, na hata serikali yao ilikuwa imeshaziandikia kampuni za unga barua za onyo mwaka 2012. Akapimwa, akapatikana. Adhabu ya NCAA kwa mara ya kwanza ni mwaka mzima, siku 365 hushindani popote, na unapoteza msimu mmoja kati ya minne uliyo nayo. Alienda kukata rufaa na kopo lake na risiti yake. Wakamsikiliza vizuri. Halafu wakamwambia fomu uliyosaini inasema chochote kinachoingia mwilini mwako ni mzigo wako.

Nilimkuta siku hiyo nje ya jimu amekaa kwenye ngazi, hilo kopo liko katikati ya miguu yake, analisoma. Lilikuwa tupu. Alikuwa analisoma tu.

Kitu Wakenya wengi hawajui, na mimi sikujua, ni kwamba kule virutubisho havikaguliwi kama dawa. Kuna sheria yao ya 1994 ambayo inaruhusu kampuni kuuza unga wa namna hii bila serikali kuupitisha kwanza, mpaka ulete madhara ndio wanakuja. Sisi tunaona kitu kimetoka Marekani, kina kopo zuri na muhuri wa dhahabu, tunasema hicho ni salama kuliko cha kogo. Mimi nikiambiwa leo nichague kati ya hivyo viwili, nachagua cha kogo, angalau najua hakijapitia kiwandani asubuhi kwenye mashine iliyosaga kitu kingine usiku. Kama lazima ule unga, tafuta wenye alama ya michezo ya NSF, shirika la kupima bidhaa, hao wanapima kila toleo. Na hata hapo muulize daktari wa timu kwanza na uhifadhi jibu lake kwa maandishi.

Na msidhani ni timu ndogo tu zenye wajinga kama sisi. Desemba 2018 Clemson, timu kubwa kabisa ya futiboli yao, yenye madaktari na wapishi na wataalamu wa lishe, wachezaji watatu akiwemo Dexter Lawrence walipatikana na chembe za ostarine, dawa ya kujenga misuli, chembe kidogo sana, wakafungiwa nje ya mechi kubwa ya Cotton Bowl. Lawrence akasema hajui imeingiaje. Labda ni kweli, labda si kweli, mimi sijui moyo wa mtu, ninachosema ni kwamba mashine inaona mpaka vitu vidogo ambavyo wewe mwenyewe huwezi kuvitolea hesabu.

Yule wa kisahani alirudi. Wazazi wake walilipa karo ule mwaka, akafanya kazi kwenye duka la matairi, akarudi akamaliza. Mimi nilikuwa namwangalia na nafanya hesabu yangu. Mimi nilikuwa na visa ya mwanafunzi. Visa hiyo inataka uwe darasani muda wote, na huruhusiwi kwenda kufanya kazi duka la matairi wala duka lolote nje ya chuo. Skolashipu yangu ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, kochi anaamua kama ataiendeleza. Sasa mwanariadha asiyeruhusiwa kukimbia siku 365, kochi anamweka wa nini? Na bila skolashipu nani alipe karo ya dola elfu ishirini na kitu, baba auze shamba gani? Kosa ni lile lile, adhabu kwenye karatasi ni ile ile, lakini yeye ingemrudisha kwao maili arobaini na mimi ingenirudisha Eldoret na sanduku moja, halafu nianze kueleza kijiji kizima geranium ni nini.

Kuna jambo lingine ambalo hata makochi wengi hawalielezi vizuri, na lilikaribia kunimaliza. Vitabu ni viwili. NCAA wana orodha yao, na dunia ya riadha inafuata ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, na hazifanani. Kahawa kwa mfano. NCAA wana kikomo cha kafeini, mikrogramu 15 kwa mililita ya mkojo, wanasema ni kama vikombe sita hadi nane saa mbili tatu kabla ya mashindano. WADA waliitoa kafeini kwenye orodha 2004, kunywa upendavyo. Pombe, wakati wangu NCAA walikuwa wanaikataza kwenye mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki tu, sisi wengine ni shauri yako. Bangi imepanda na kushuka, 2022 wakasogeza kikomo kutoka nanogramu 35 hadi 150, halafu Juni 2024 divisheni ya kwanza wakaiondoa kabisa, lakini ukitoka hapo ukaenda kwenye mashindano ya riadha ya dunia bado inakungoja, muulize Sha'Carri Richardson alivyokosa Tokyo. Na miraa, ndio, miraa, msijifanye hamsikii, ile kathinoni iliyo ndani imekatazwa na WADA siku ya mashindano.

Iliyonipata mimi ni ya mafua. Desemba 2014 nilirudi nyumbani kwa likizo, na kulikuwa na mbio za nyika, si kubwa, lakini zilikuwa za chama na wakubwa wangekuwepo wananiangalia. Nilikuwa na mafua niliyoyapata kwenye ndege. Kwenye pochi nilikuwa na vidonge nilivyozoea chuoni, vya kuzibua pua, daktari wa timu mwenyewe ndiye aliyekuwa akinipa, pseudoephedrine, NCAA hawana shida navyo hata kidogo. Nimevimeza siku mbili, viwili asubuhi viwili jioni. Usiku wa kuamkia mbio niko kwa shangazi, tumekula, dada mmoja aliyekuwa ameshakimbia Ulaya akaniona nikitoa kidonge. Akakichukua mkononi mwangu, akageuza pakiti, akasema hii umeisoma? Nikamwambia ni ya mafua. Akasema najua ni ya mafua, nimekuuliza umeisoma.

Kwa WADA hiyo dawa siku ya mashindano ina kikomo, ukipita mikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo umekwisha, na wakati huo wenyewe walikuwa wanashauri uache saa 24 kabla. Mimi nilikuwa nimemeza viwili saa moja jioni na mbio ni saa nne asubuhi. Huenda nisingefikia hicho kiwango. Huenda hata wapimaji wasingekuja. Nililala macho wazi, asubuhi nikavaa koti la joto nikaenda uwanjani, nikamwambia kila mtu goti linauma. Nilichechemea siku nzima. Mama yangu mpaka leo huwa ananiuliza goti likoje, na ndio nasema stori hii nyumbani hawaijui, basi mama kama unasomewa hii, goti halikuwahi kuuma.

Tena huo mwaka ulikuwa mbaya kuwa Mkenya mwenye viatu vya mbio. Mwisho wa Oktoba ndio habari za Rita Jeptoo zilikuwa zimetoka, mshindi wa marathoni za Boston na Chicago, amepatikana na EPO, ile dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Kwenye meza ya chakula mwenzangu mmoja akaniuliza huku anacheka, kwani nyinyi huwa mnatumia nini? Alikuwa anatania. Nilimwona kila mtu amenyamaza kidogo kusikia nitajibu nini. Nikasema ugali, wakacheka, na mimi nikacheka, na nikaenda chumbani nimekasirika siku tatu, kwanza kwa yule msichana, halafu kwa Rita, halafu kwa nafsi yangu kwa sababu sikuwa na uhakika wa kila mtu ninayemjua.

Kwa sababu tusidanganyane. Kwetu kuna watu wanatumia na wanajua wanachotumia. Kuna kemisti ambako mtu anaingia na maumivu ya kisigino anatoka amedungwa kitu hajaambiwa jina, na kuna kemisti ambako anaambiwa jina na bei kabisa. 2016 WADA walitutangaza hatufuati kanuni, mwezi wa tano, mpaka Agosti ndio wakatutoa, baada ya kuwa na sheria na ADAK yenyewe, shirika letu la Kenya la kupambana na dawa hizi. 2022 tulikuwa karibu kufungiwa nchi nzima, serikali ikaahidi dola milioni tano kila mwaka kwa miaka mitano. Ile triamcinolone ya kudungwa ambayo imewatoa Wakenya wengi, hiyo NCAA hawaikatazi, kwa hiyo mtoto anaweza kudungwa chuoni kihalali kabisa kwa ajili ya kano, akarudi likizo akakimbia barabarani akawa kwenye Taifa Leo ukurasa wa michezo, pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu, pamoja na wezi. Wasomaji hawatasoma mpaka chini. Sijui ADAK wanawafikia vipi hawa watoto wa vyuo vya nje, semina wanazofanya mimi nimezisikia ziko Iten na Eldoret, na mtoto yuko Oklahoma.

Nikikaa kufikiria zaidi naona hata ile orodha yenyewe haijaandikwa kwa ajili ya kutulinda sisi. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81, mwaka 1978, hakuna aliyewahi kufanya hivyo tena. Wazee wa kwetu wakilitaja hilo jina wanashusha sauti. Na kilichomwangusha alikisema mwenyewe waziwazi, ilikuwa pombe, upweke na pombe, miaka mingi, mpaka akawa analala kwenye makao ya wasio na nyumba. Alifariki 2024. Ungempima mkojo kila asubuhi ya siku zile usingepata kitu cha kumfungia. Mwaka wangu wa kwanza, baridi ya Februari, kulikuwa na Jumapili ambazo sikutoka kitandani, na kwenye lile bango hakukuwa na neno kuhusu Jumapili. Binamu yangu, ukiziona hizo Jumapili nipigie, hata kama niko kazini piga tu.

Sasa kuhusu begi. Sweta mbili, si moja. Unga wa ugali usibebe, siku hizi unapatikana. Picha ya nyumbani iliyochapishwa, ya karatasi, simu huwa zinaibiwa. Dawa ya kogo ipokee kwa mikono miwili, mshukuru, muombe akuombee, kisha uiache kwa mama. Mwambie kogo mimi ndiye niliyesema, atanikasirikia mimi, niko mbali.

Na huo unga wa jamaa wa jimu nilimwambia aupige picha pande zote anitumie. Zimefika usiku huu picha sita. Kopo jeusi, mwanamume asiye na shati, radi ya njano. Ya tano ndio upande wa nyuma wenye orodha ya vilivyomo, nimeivuta mpaka ikawa na ukungu, nasoma moja moja, sukari, chumvi, kafeini, kitu, kitu, halafu mstari wa mwisho siuoni kwa sababu mtu wa duka amebandika hapo stika ya bei. Shilingi 3,800. Nimemwandikia aibandue polepole kwa maji ya moto apige tena. Hiyo ilikuwa saa tatu na nusu. Bado ni tiki moja.